Uingiaji wa kiotomatiki kwenye tovuti kwa Visual Basic

Uingiaji wa kiotomatiki kwenye tovuti ni njia ya kuifanya programu ya kompyuta ifungue ukurasa wa wavuti, ijaze jina la mtumiaji na nenosiri, kisha iingie ndani bila mtu kuandika chochote kwa mkono. Makala hii inaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika kwa lugha ya programu ya Visual Basic 6 pamoja na ndugu zake VBA na VBScript. Lugha hizo za kampuni ya Microsoft huhesabiwa siku hizi kuwa za zamani, lakini programu zilizoandikwa kwazo bado zinafanya kazi katika ofisi nyingi duniani.

Njia hii hutumika hasa pale ambapo mfanyakazi hulazimika kuingia kwenye tovuti ileile kila siku ili kupakua taarifa, kama vile orodha ya bei au hesabu za mauzo, na kuziingiza katika jedwali la Excel. Pia hutumika kupima kama ukurasa wa kuingilia unafanya kazi sawasawa.

## Historia

Asili ya Visual Basic ni lugha ya BASIC, iliyobuniwa na John G. Kemeny na Thomas E. Kurtz katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani mwaka 1964. Lengo lao lilikuwa kuwawezesha wanafunzi wasiosomea sayansi kutumia kompyuta. Microsoft ilitoa toleo la kwanza la Visual Basic mwaka 1991. Lugha hiyo ilipendwa kwa sababu mtu aliweza kupanga vitufe na visanduku kwenye dirisha kwa kutumia kipanya, kisha akaandika amri chache tu za kuviendesha.

Toleo la 6 lilitoka mwaka 1998 na ndilo la mwisho la mfululizo huo wa awali. Msaada wa Microsoft kwa zana za kuandikia programu za toleo hilo ulikoma kabisa mwezi Aprili 2008. Hata hivyo, programu zilizokwisha kutengenezwa zimeendelea kufanya kazi katika matoleo ya Windows yaliyofuata.

VBA ni tawi la lugha hiyo lililowekwa ndani ya programu za ofisi; liliingia katika Excel mwaka 1993. VBScript, iliyotoka mwaka 1996, ni tawi jepesi zaidi ambalo huandikwa katika faili la kawaida la maandishi. Mwezi Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba VBScript itaondolewa polepole katika Windows.

## Kinachotokea mtu anapoingia kwenye tovuti

Ili kuelewa kazi ya programu ni lazima kwanza kujua kinachotokea mtu anapoingia mwenyewe. Kivinjari huomba ukurasa kutoka kwenye seva kwa kanuni za mawasiliano zinazoitwa HTTP. Ukurasa unaoletwa huwa na fomu yenye visanduku viwili au zaidi. Mtumiaji akibonyeza kitufe, kivinjari hutuma yaliyojazwa kwenye seva, kwa kawaida kwa ombi la aina ya POST.

HTTP haina kumbukumbu: kila ombi husimama peke yake, na seva haijui kama ombi la pili limetoka kwa mtu yuleyule. Kwa hiyo seva ikikubali nenosiri, humpa mtumiaji kidakuzi, yaani maandishi mafupi ambayo kivinjari huyatunza na kuyarudisha katika kila ombi linalofuata. Vidakuzi vya kivinjari vilibuniwa na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994. Kidakuzi hicho ni kama tiketi anayopewa mtu mlangoni: asipoionyesha ndani, hurudishwa nje. Programu yoyote inayotaka kuingia kwenye tovuti ni lazima itunze tiketi hiyo.

## Mbinu kuu

### Kuiga ubonyezaji wa kibodi

Mbinu rahisi kuliko zote ni amri ya SendKeys, ambayo hutuma herufi kana kwamba mtu anaandika kwenye kibodi. Udhaifu wake ni mkubwa. Herufi hizo huenda kwenye dirisha lolote lililo mbele wakati huo. Dirisha lingine likijitokeza ghafla, nenosiri linaweza kuandikwa ndani ya barua au ujumbe unaosomwa na watu wengine. Kwa sababu hiyo mbinu hii haifai kwa kazi yenye siri.

### Kukiendesha kivinjari cha Internet Explorer

Mbinu iliyozoeleka zaidi ilikuwa kukiendesha kivinjari cha Internet Explorer kutoka ndani ya programu. Hili liliwezekana kwa sababu Internet Explorer ilijengwa juu ya COM, utaratibu wa Microsoft unaoruhusu programu moja kuiagiza nyingine. Mfano wa msimbo wake ni huu:

```
Dim ie As Object
Set ie = CreateObject("InternetExplorer.Application")
ie.Visible = True
ie.Navigate "https://www.example.com/ingia"

' Subiri ukurasa umalize kufunguka
Do While ie.Busy Or ie.ReadyState <> 4
    DoEvents
Loop

ie.Document.getElementById("jina").Value = txtJina.Text
ie.Document.getElementById("siri").Value = txtSiri.Text
ie.Document.getElementById("kitufe").Click
```

Mistari mitatu inayofuata ule wa kwanza hufungua kivinjari, hukionyesha na kukielekeza kwenye anwani. Kitanzi cha kati husubiri. Namba 4 maana yake ni kwamba ukurasa umekamilika, na amri ya DoEvents huipa Windows nafasi ya kufanya shughuli nyingine wakati wa kusubiri. Bila kitanzi hicho programu hutafuta visanduku ambavyo bado havijafika, ikasimama kwa kosa. Mistari mitatu ya mwisho huvitafuta visanduku kwa vitambulisho vyake, huvijaza na kubonyeza kitufe. Vitambulisho hivyo si sawa katika kila tovuti. Huonekana mtu akifungua msimbo wa HTML wa ukurasa husika.

Baada ya kubonyeza, programu ni lazima isubiri tena kabla ya kusoma ukurasa mpya. Mwisho kabisa hukifunga kivinjari kwa amri ya Quit. Hatua hiyo ikisahauliwa, na kama kivinjari kilifichwa, nakala zake hubaki zikifanya kazi kimyakimya na kula kumbukumbu ya kompyuta.

Baadhi ya waandishi wa programu hutumia amri ya submit ya fomu badala ya kubonyeza kitufe. Amri hiyo huruka ukaguzi ambao tovuti imeuweka kwenye tukio la kutuma fomu, hivyo tovuti zinazotegemea ukaguzi huo hukataa. Vilevile, kuweka thamani ndani ya kisanduku hakuamshi matukio yanayotokea mtu anapoandika. Katika kurasa nyingi za kisasa kisanduku huonekana kimejazwa, lakini tovuti hukihesabu kuwa kitupu.

### Kutuma ombi moja kwa moja

Mbinu ya tatu haitumii kivinjari. Programu hutuma ombi lake yenyewe kwa kutumia kijenzi cha Windows kama vile WinHttpRequest. Mbinu hii ni ya haraka na haifungui dirisha lolote, lakini humtaka mwandishi afanye mwenyewe mambo ambayo kivinjari hufanya:

* Kuomba kwanza ukurasa wa kuingilia na kuusoma. Fomu nyingi huwa na kisanduku kilichofichwa chenye maandishi ya nasibu yanayobadilika kila mara. Seva huyatumia kuhakikisha kwamba fomu imetoka kwake, na yasiporudishwa hukataa ombi.
* Kugeuza alama maalumu kabla ya kutuma. Alama ya & huandikwa %26 na alama ya + huandikwa %2B. Nenosiri lenye alama ya & lisipogeuzwa hukatwa katikati, na seva hujibu kwamba nenosiri si sahihi ingawa mtumiaji analijua vema.
* Kutumia kijenzi kilekile kwa maombi yote, ili kidakuzi kilichotolewa kisipotee.

Baadhi ya tovuti hazitumii fomu bali uthibitisho wa kimsingi wa HTTP. Humo jina na nenosiri huunganishwa kwa nukta mbili na kuandikwa upya kwa mtindo wa Base64. Base64 si usimbaji wa siri. Mtu yeyote anaweza kuyageuza maandishi hayo yarudi yalivyokuwa. Usalama wake hutegemea kabisa mawasiliano ya HTTPS.

## Kutambua kama uingiaji umefaulu

Seva hujibu kila ombi kwa namba. Namba 401 maana yake ni kwamba utambulisho haukutolewa au haukukubaliwa, na 200 maana yake ni kwamba ombi limejibiwa. Hata hivyo tovuti nyingi zenye fomu hujibu 200 hata nenosiri likiwa na kosa, kwa kuwa zimefaulu kuleta ukurasa unaosema "nenosiri si sahihi". Programu inayotazama namba peke yake hudhani imeingia. Njia bora ni kutafuta ndani ya ukurasa kitu kinachoonekana kwa aliyeingia tu, kama vile kiungo cha kutoka.

Jambo hili lina uzito. Tovuti nyingi hufunga akaunti baada ya majaribio machache yaliyoshindwa. Mtumiaji akibadilisha nenosiri lake na kusahau kulibadilisha katika programu, kitanzi kinachojaribu tena na tena kinaweza kumfungia akaunti yake mwenyewe. Kwa hiyo programu nzuri hujaribu mara moja, ikishindwa husimama na kumwarifu mtu.

## Usalama wa nenosiri

Kosa lililo la kawaida kuliko yote ni kuandika nenosiri ndani ya msimbo wenyewe. Watu wengi huamini kwamba programu ikishageuzwa kuwa faili la EXE maandishi yake hayasomeki. Imani hiyo si sahihi: maneno yaliyoandikwa ndani ya programu ya Visual Basic 6 hubaki ndani ya faili jinsi yalivyo, na huonekana kwa kutumia zana ndogo ya kusomea faili. Katika VBA hali ni mbaya zaidi, kwa sababu jedwali la Excel husambazwa kwa barua pepe, nalo hubeba nenosiri hadi kwa kila anayelipokea. Nywila inayofunga msimbo wa VBA huvunjwa kwa urahisi.

Zipo njia mbili zilizo salama zaidi. Ya kwanza ni kumwuliza mtumiaji nenosiri kila programu inapoanza na kutolihifadhi popote. Ya pili ni kulihifadhi kwa huduma ya ulinzi wa data ya Windows, iliyoanza na Windows 2000, ambayo husimba maandishi kwa namna ambayo kwa kawaida husomeka tu na mtumiaji yuleyule kwenye kompyuta ileile. Inafaa pia tovuti iombwe akaunti ya pekee kwa ajili ya programu, yenye ruhusa ya kusoma tu. Akaunti hiyo ikivuja, madhara yake huwa madogo.

## Vizuizi vya kisasa

Tovuti nyingi zimeweka vizuizi dhidi ya programu zinazojifanya watu. Kimojawapo ni CAPTCHA, jaribio ambalo ni jepesi kwa binadamu lakini gumu kwa kompyuta. Kingine ni uthibitisho wa hatua mbili, ambapo namba ya muda hutumwa kwenye simu ya mtumiaji. Vizuizi hivi viliwekwa kwa makusudi, na pale vilipo ni dalili kwamba mwenye tovuti hataki uingiaji wa kiotomatiki kwa mlango huo.

Kizuizi kingine kimetokana na umri wa zana zenyewe. Matoleo ya TLS 1.0 na 1.1, yanayolinda mawasiliano ya HTTPS, yalitangazwa rasmi kuwa hayafai mwezi Machi 2021. Programu ya zamani kwenye Windows ya zamani hushindwa kuongea na seva inayodai TLS 1.2, na ujumbe wa kosa mara nyingi haisemi wazi sababu. Zaidi ya hayo, Internet Explorer 11 ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022 kwa matoleo mengi ya Windows 10.

## Njia mbadala

Njia iliyo bora, pale inapopatikana, ni API, yaani mlango ambao mwenye tovuti ameutengeneza kwa ajili ya programu. Badala ya nenosiri programu hutumia ufunguo unaoweza kufutwa bila kubadilisha nenosiri la mtumiaji. Utaratibu unaotumika sana kwa kazi hiyo ni OAuth 2.0, uliochapishwa mwaka 2012.

Pasipo na API, kivinjari cha kisasa kinaweza kuendeshwa kwa Selenium, mradi ulioanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004. Kanuni zake za WebDriver zilipitishwa na shirika la W3C kuwa kiwango rasmi mwaka 2018. Kwa kuwa WebDriver hupokea maagizo kwa HTTP, hata programu ya Visual Basic 6 inaweza kuitumia.

## Sheria

Kuingia kiotomatiki kwenye akaunti ya mtu mwenyewe si sawa na kuingia kwenye akaunti ya mwingine. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa katika nchi nyingi, zikiwemo Uingereza kwa sheria ya mwaka 1990, Tanzania kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya kwa sheria ya mwaka 2018. Hata kwa akaunti ya mtu mwenyewe, masharti ya tovuti yanaweza kukataza matumizi ya programu. Masharti hayo yanapaswa kusomwa kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo kuandikwa.