Mkia wa .pro: nani anamdhamini daktari wako mtandaoni?

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu yenyewe ina aibu kidogo. Wacha niieleze kwanza, halafu tuingie kwenye historia.

Nina mteja ambaye ni daktari wa watoto. Kliniki yake iko Lavington, na kwa miaka mingi mimi ndiye ninayemtunzia tovuti. Jina la tovuti lilikuwa jina lake mwenyewe, likifuatwa na .com. Mwaka jana kadi ya benki iliyokuwa ikililipia jina hilo ilipitwa na muda, na barua pepe za kukumbusha zikawa zinaenda kwenye anwani niliyoacha kuitumia zamani. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Jina likarudishwa sokoni, na kabla sijashtuka mtu mwingine akawa amelinunua. Wiki chache baadaye tovuti ilikuwa hewani tena, jina la daktari likiwa juu kabisa, ikiuza dawa ya kunenepesha watoto. Mama mmoja wa Kangemi alituma pesa kwa simu, akangoja, kisha akaja kliniki na mtoto mgongoni kuuliza dawa yake iko wapi.

Daktari hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, kwani hakuna jina ambalo daktari peke yake ndiye anaweza kupewa?"

Lilikuwako. Liliitwa .pro. Na lilivyokwisha ni jambo ambalo sisi wa Nairobi tunafaa kulijua, kwa sababu swali la daktari bado halijajibiwa.

Tuanze na msingi. Kila jina la tovuti lina mkia. Wataalamu huuita kiambishi cha kikoa, lakini hapa nitauita mkia tu, tuelewane. Mikia ni ya aina mbili. Kuna mikia iliyo wazi, kama .com: ukiwa na pesa na jina halijachukuliwa, ni lako. Kuna na mikia iliyofungwa: kabla ya kupewa jina lazima uthibitishe wewe ni nani. Mkia wa aina hii ni kama sare ya shule. Ukimwona mtoto ameivaa, unajua kuna mwalimu mkuu mahali fulani anayemtambua.

Mkia wa nchi yetu, .ke, uliandikishwa tarehe 29 Aprili 1993. Aliyekuwa msimamizi wake ni Dkt. Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rangwe. Upande wa ufundi uliangaliwa na Mmarekani, Randy Bush. Siku hizo watu wa mtandao walikuwa wachache na walijuana, kwa hiyo mambo yalikwenda kwa kuaminiana. Desemba 2002 shirika la ICANN, linalosimamia majina ya mtandao duniani, liliidhinisha .ke ihamie kwa KENIC, chombo kilichowaleta pamoja serikali, kampuni za intaneti na wadau wengine. Ofisi za KENIC ziko kwenye jengo la Mamlaka ya Mawasiliano, Waiyaki Way, Westlands. Ukipanda matatu ya Kangemi kutoka mjini, utalipita.

KENIC waligawa .ke kwa milango: co.ke ya kampuni, or.ke ya mashirika, ac.ke ya vyuo, sc.ke ya shule, go.ke ya serikali, ne.ke ya watoa huduma za mtandao, me.ke ya mtu binafsi, pamoja na info.ke na mobi.ke. Mwaka 2017 wakafungua pia jina fupi linaloishia kwa .ke pekee. Sasa iangalie vizuri orodha hiyo. Serikali ina mlango wake uliofungwa, chuo kina wake, shule ina wake. Daktari, wakili, mhasibu na mhandisi hawana mlango wao. Wanaingilia mlango mmoja na muuza viatu na mwenye duka la simu la Luthuli Avenue.

Wazo la kuwajengea wataalamu mlango lilitoka mbali. Novemba 2000, bodi ya ICANN ilikutana Marina del Rey, California, ikachagua mikia mipya saba: .aero, .biz, .coop, .info, .museum, .name na .pro. Huu wa mwisho ulikuwa wa wenye taaluma: madaktari, mawakili na wahasibu, kisha wahandisi. Ulipoanza kuuzwa mwaka 2004, wakili alipata jina chini ya law.pro, daktari chini ya med.pro na mhasibu chini ya cpa.pro. Leseni yako ilikaguliwa kwanza. Karatasini lilikuwa wazo safi sana.

Kwa nini halikufika mbali? Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo nalitazama kama mfumo. Shida ya kwanza ni gharama ya kuthibitisha. Jina la kawaida linauzwa na mashine kwa sekunde chache. Kukagua leseni kunahitaji mtu aketi, afungue daftari la bodi husika na alinganishe majina. Kule Marekani kila jimbo hutoa leseni zake, kwa hiyo madaftari ya kutafuta ni mengi. Bei ikapanda, na wauzaji wengi hawakutaka usumbufu.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Aliyekuwa anakagua ndiye huyo huyo aliyekuwa anauza. Muuzaji hupata faida kwa kuuza majina mengi, na mkaguzi mzuri ni yule anayekataa watu. Kofia hizo mbili hazikai kichwa kimoja. Mwaka 2005 msajili mmoja wa Marekani alipata kichochoro: jina la .pro liliandikishwa kwa njia iliyowawezesha hata wasio na leseni kulitumia. Mwaka 2008 masharti yakalegezwa, taaluma zaidi na nchi zaidi zikaruhusiwa. Novemba 2015, miaka 15 tangu ule mkutano wa California, kufuli likaondolewa kabisa. Leo .pro ni mkia wa yeyote. Mimi ambaye sijawahi kushika sindano ninaweza kununua jina lenye neno daktari na .pro nyuma yake kabla chai yangu haijapoa.

Na sisi Nairobi tulikuwa wapi wakati huo wote? Tulikuwa nje ya uzio. Mwanzoni .pro ilitambua leseni za nchi nne tu: Marekani, Kanada, Uingereza na Ujerumani. Daktari aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi na kusajiliwa na bodi ya hapa hakuhesabika kuwa mtaalamu kwa mkia huo hadi mwaka 2008.

Mawakili wetu walikuwa na kizuizi kingine cha nyumbani. Kanuni za taaluma yao ziliwakataza kujitangaza, na kwa wengi tovuti ilifanana sana na tangazo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema marufuku ya jumla ya namna hiyo haipatani na Katiba, na mwaka 2014 zikatoka kanuni mpya zinazoruhusu matangazo kwa mipaka. Kwa hiyo mawakili wengi wa hapa waliingia mtandaoni kwa kishindo wakati .pro ikiwa karibu kufunguliwa kwa kila mtu. Walifika sokoni wakati mlinzi anakunja kiti chake.

Lakini tusiseme kwamba mambo haya yalizungumzwa ng'ambo tu. Machi 2010 ICANN walikutana papa hapa mjini, kwenye jumba la KICC, na mikia mipya ilikuwa miongoni mwa mambo makubwa mezani. Kutokana na mpango ule, mwaka 2015 ilianza mikia kama .bank ya mabenki na .law ya wanasheria, na yote miwili ina ukaguzi. Kwa hiyo kufuli lenyewe halijafa. Linalofaa kuulizwa ni nani ashike ufunguo.

Hapa ndipo mkia wetu wa go.ke unafaa kutufundisha. Tangu Januari 2024 wageni wengi wanaokuja Kenya huomba kibali cha kusafiri mtandaoni, kwenye etakenya.go.ke. Kuna tovuti za watu binafsi zenye majina yanayofanana na hilo na zinazotoza zaidi. Ukiwa na mgeni wako wa ng'ambo, unaweza kumwokoa kwa sentensi moja: angalia kama mwisho pameandikwa go.ke. Huo ndio ukaguzi ambao hata shangazi yako anaweza kuufanya bila kunipigia simu.

Lakini kufuli lina mipaka yake. Januari 2012 mtu mmoja alivamia zaidi ya tovuti 100 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja. Mkia uliendelea kusema kweli kuhusu mwenye nyumba, ila haukuweza kusema nani yuko ndani usiku ule. Mkia unathibitisha jina, hauthibitishi usalama.

Na daftari lenyewe linaweza kuchezewa. Oktoba 2023 nchi nzima ilizungumzia mtu aliyedaiwa kufanya kazi ya uwakili bila kuwa wakili. Chama cha Wanasheria, LSK, kilieleza kuwa akaunti ya wakili halali mwenye jina linalokaribiana na lake iliingiliwa kwenye mfumo wa chama, na maelezo yake yakabadilishwa. Hata kungekuwa na mkia wa mawakili siku hiyo, ungefuata daftari lililochezewa. Mkia hauwezi kuwa mkweli kuliko daftari linaloulisha.

Basi nikitazama mbele, siutazamii mkia mwingine wa dunia nzima uje kutuokoa. Jibu naliona karibu sana, tena kijiografia. LSK wako Gitanga Road, Lavington. Baraza la madaktari, KMPDC, liko Woodlands Road, Kilimani. KENIC wako Waiyaki Way. Bodaboda mmoja anaweza kuwazungukia wote kabla ya saa ya chakula cha mchana. Kila mmoja ana nusu ya kinachohitajika: hawa wana daftari la watu, yule ana daftari la majina. Madaftari hayo ndiyo yanayopaswa kuunganishwa.

Kwa upande wa ufundi si kazi ngumu. Mwenye kikoa ana uwezo wa kutoa majina chini yake bila kumlipa mtu. LSK tayari wana lsk.or.ke, na KMPDC wana kmpdc.go.ke. Wakitaka, kila mwenye leseni anaweza kupewa jina dogo chini ya hapo, linaloongoza kwenye tovuti yake. Cheti cha wakili na leseni ya daktari huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo programu inaweza kuzima jina siku leseni inapoisha au inapofutwa. Anayekagua hapati faida kwa kuuza majina mengi, ana sababu ya kulinda heshima ya taaluma. Hilo ndilo .pro ilikosa. Sharti langu ni moja: kabla ya hapo daftari lilindwe, kwa uthibitisho wa hatua mbili na taarifa kwa mwenyewe kila maelezo yake yanapobadilishwa.

Ila wahasibu, samahani, mna kazi ya ziada. Chama chenu, ICPAK, kimejulikana mtandaoni kwa .com.

Turudi Lavington. Yule mama wa Kangemi nilimrudishia pesa zake kutoka mfukoni mwangu. Daktari nimemnunulia jina jipya la .ke, nimelilipia miaka kadhaa mbele, na ukumbusho sasa unakuja kwenye simu yangu na ya karani wake. Juu ya ukurasa wa kwanza nimeweka namba yake ya usajili na kiungo cha kwenda kwenye daftari la KMPDC, ili mzazi ajihakikishie mwenyewe. Namba hiyo hiyo tumeichapisha kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa kliniki.

Nilipomaliza, daktari aliniuliza kama sasa hakuna mtu mwingine anayeweza kuchukua jina linalofanana na lake. Nilimwambia ukweli: anaweza, hata leo jioni.