Apple na Wazabuni Wake

Wenzangu mliokaa bwenini mtakumbuka siku mzabuni aliposhindwa kuleta unga: kuni zinawaka, sufuria imebandikwa, nasi tumesimama foleni na sahani zetu. Kila nisomapo historia ya kampuni ya Apple ya Marekani naikumbuka sufuria ile.

Mwaka 1991 Apple, IBM na Motorola zilipatana kutengeneza prosesa iitwayo PowerPC. Nanyi wanafunzi mliopo sasa mwajua kwamba prosesa ndiyo chipu ifanyayo hesabu zote. Bila hiyo kompyuta ni sanduku tupu. Urafiki ule uliingia nyongo mwaka 1997. Steve Jobs alirudi Apple akakomesha leseni za kampuni nyingine kuuza mashine za kuiga Macintosh. Motorola ilikuwamo, na mwezi Septemba ikajitoa katika biashara hiyo. Hata hivyo Apple iliendelea kununua prosesa kwa Motorola! Kumgombeza mpishi kabla ya kupakuliwa ni ujasiri, lakini sidhani kuwa ni busara.

Tarehe 31 Agosti 1999 Apple ilitangaza Power Mac G4 za megahezi 400, 450 na 500. Chipu za 500 zilikuwa na kasoro, na Motorola ikashindwa kuzitoa. Mwezi Oktoba Apple ikapunguza megahezi 50 katika kila mashine, bei ikabaki ile ile. Tena ikafuta maagizo ya wateja. Walipopiga kelele, ikayarudisha. Wengi humlaumu Motorola. Mimi nasema ahadi ilitolewa na Apple, ghala likiwa tupu. Mashine za 500 zilipatikana Februari 2000, na mwezi uliofuata AMD na Intel zikatoa prosesa za megahezi 1,000.

Apple ikaigeukia IBM. Juni 2003 Jobs aliahidi hadharani kwamba G5 ya gigahezi 3 ingepatikana katika miezi 12. Haikuja. Wala haikupatikana G5 ya kutia katika kompyuta za mapajani, kwa joto lake na umeme iliokula. Tarehe 6 Juni 2005 akatangaza kuhamia Intel, kampuni ambayo matangazo ya Apple yaliwahi kuidhihaki. Kuhama huko kulikwisha mwaka 2006.

Novemba 2020 Apple ilianza kuiacha Intel pia, ikatoa kompyuta zenye chipu yake yenyewe, M1. Michoro ilikuwa ya Apple. Kiwanda kilikuwa cha TSMC, huko Taiwan.