Jina Moja, Tabia Mbili: Historia ya Ishara baina ya Michakato katika Mfumo Endeshi wa Unix, 1971–1993

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ishara zinazotumwa baina ya michakato katika mfumo endeshi wa Unix. Hoja yake kuu ni kwamba tatizo lililodumu zaidi lilikuwa ni jina moja kubeba tabia mbili, nalo lilipunguzwa kwa makubaliano ya viwango kuliko kwa uvumbuzi mpya.

1. Ishara ya kukomesha

Mchakato ni programu iliyo katika utendaji. Ishara ni taarifa fupi ambayo kiini cha mfumo huifikisha kwa mchakato kuujulisha kwamba jambo fulani limetokea: mtumiaji ameomba kazi ikatizwe, hesabu imekwenda kombo, au laini ya simu iliyounganisha terminali imekatika. Unix ilianza kutengenezwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Maabara za Bell, Marekani. Katika toleo la kwanza la mwongozo wake, la Novemba 1971, matukio ya namna hii yalikuwa na miito ya mfumo iliyo mbalimbali. Toleo la Nne la 1973 liliyakusanya chini ya wito mmoja, "signal".

Kwa kuwa mengi ya matukio hayo yalihusu kukomesha kazi, muundo nao ulifuata dhana hiyo. Wito wa kutuma ishara unaitwa "kill", yaani "ua", hadi leo, ingawa hutuma hata ishara zisizoua. Katika Toleo la Sita la 1975, kila mchakato ulitengewa baiti moja tu ya kuhifadhi namba ya ishara inayosubiri. Ishara ya pili ikifika kabla ya ya kwanza kushughulikiwa, ya kwanza ilifutika, isipokuwa ile ya kuua. Kwa mchakato uliokuwa ukielekea kufa, hasara hiyo haikuwa na uzito.

2. Ishara ya mawasiliano

Toleo la Saba la 1979 liliipa kila aina ya ishara biti yake, lakini mwanya wa zamani ulibaki. Ishara ilipofikishwa, maelekezo ya mwandishi wa programu kwa kawaida yalifutwa na mchakato ukarejea kwenye tabia ya awali, ambayo mara nyingi ilikuwa kufa. Iliwapasa waandishi kuita "signal" upya kila mara. Ishara ya aina ileile ikipenya kabla ya wito huo, mchakato uliojiandaa vyema uliuawa.

Wakati huohuo matumizi yalipanuka. Jim Kulp, akiwa katika taasisi ya IIASA nchini Austria, alibuni namna ya kusimamisha kazi na kuiendeleza baadaye, na ubunifu huo ukaingia katika Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Programu za huduma nazo zilianza kuichukulia ishara ya kukatika kwa simu kama agizo la kusoma upya mipangilio yake. Chombo cha kukomesha kazi kikawa chombo cha kuagizana.

Mwaka 1983, toleo la 4.2BSD la Berkeley liliuziba mwanya: maelekezo hayakufutwa tena, na ishara ya aina ileile ilizuiwa mpaka ya kwanza ishughulikiwe. System V ya AT&T iliacha "signal" kama ilivyokuwa. Hivyo programu ileile ilikubaliwa na mifumo yote miwili bila onyo lolote, kisha ikatenda tofauti.

3. Makubaliano

Kiwango cha POSIX cha 1988 hakikuchagua mshindi. Kilianzisha wito mpya, "sigaction", unaomtaka mwandishi aeleze waziwazi tabia anayoitaka. Shirika la viwango la serikali ya Marekani, NIST, liliifanya POSIX kuwa msingi wa kiwango cha ununuzi wa serikali, FIPS 151, na watengenezaji wakapata sababu ya kibiashara ya kuifuata. Nyongeza ya 1993 ilileta ishara zinazopangwa foleni bila kupotea. Hata hivyo, kiwango cha lugha ya C cha 1989 kiliacha tabia ya "signal" mikononi mwa kila mtengenezaji, na utata wake haujaisha.

4. Hitimisho

Historia hii ina mafunzo matatu. Kwanza, kukubaliana juu ya jina si kukubaliana juu ya tabia. Nchi jirani zinapounganisha mifumo ya forodha au ya utambulisho, zinapaswa kuandika pia kile kinachotokea taarifa ya pili inapofika kabla ya ya kwanza kushughulikiwa. Pili, mnunuzi wa umma ana uwezo wa kukipa kiwango nguvu ambayo wataalamu peke yao hawana. Tatu, linahusu istilahi: kutafsiri "kill" kuwa "ua" ni kurithi dhana ambayo chombo chenyewe kimekwisha kuipita. "Tuma ishara" hueleza kazi inayofanyika, na humwepusha mwanafunzi wa Kiswahili na kosa ambalo jina la asili limelihifadhi.