Kata ya Bibi na Ada ya Shule

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilipanda Kibosho, mkoani Kilimanjaro, kumzika mzee mmoja wa ukoo wetu. Baada ya maziko vijana walinivuta hadi kilabu cha mbege kilicho kando ya njia. Mabenchi ya mbao, paa la bati, na kata moja ikizunguka watu wanne. Mzee mmoja akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Wewe si mjukuu wa yule mama aliyekuwa akipika hapa?"

Nilijibu ndiyo. Miaka thelathini iliyopita ningekana.

Nilipokuwa shule ya bweni, wenzangu waliponiuliza nyumbani tunaishi kwa kazi gani, nilisema kahawa. Ulikuwa ukweli nusu. Kahawa ilikuwa ya babu, na fedha yake ilikuja kwa msimu. Ndizi zilikuwa za bibi, na ndizi ndizo zilizoniweka darasani. Alichemsha ndizi mbivu, akaziacha zichachuke kwa siku kadhaa, akachuja maji yake. Kisha aliotesha ulezi, akaukausha, akausaga, akapika uji wake tunaouita mso, akachanganya na yale maji ya ndizi. Uchungu ulitoka kwenye gome la msesewe. Kesho yake watu walikunywa, na mimi nililipiwa ada.

Lakini kilabu hakikuwa duka tu. Hapo ndipo posa zilipojadiliwa, na waliogombania mpaka wa kihamba walipopatana mbele ya jani la isale. Bibi alikuwa na sheria yake: mwanamume ambaye hajapeleka unga nyumbani hapewi kata ya pili.

Sasa tutazame historia, maana wapo waliokwisha kuona zamani kwamba pombe ya mwanamke ni fedha. Mwaka 1908, huko Natal, Afrika Kusini, ilitungwa sheria iliyoziruhusu halmashauri za miji kuhodhi utengenezaji na uuzaji wa pombe ya Waafrika. Durban ndiyo iliyoongoza. Mapato yake yaligharimia utawala wa Waafrika hao hao. Yaani mnywaji alijilipia minyororo yake. Nairobi nayo ikauiga mfumo huo katika miaka ya 1920, ikafungua ukumbi wa pombe wa manispaa huko Pumwani, na mwanamke aliyepika nyumbani kwake akawa mhalifu. Wanawake hawakunyamaza. Mwezi Juni 1959, wanawake wa Cato Manor, Durban, waliingia kwenye kumbi hizo na fimbo mkononi, wakamwaga pombe ya manispaa.

Hapa kwetu, mwaka 1933 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu cha ushirika wa kahawa, KNCU. Mwaka huo huo kampuni ya bia ya Tanganyika ilianzishwa Dar es Salaam. Vitabu vimeandika mengi juu ya viwili hivyo, na machache juu ya mama mwenye pipa. Hata hivyo, mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipokuwa akiwatafutia TANU wanachama wanawake mjini Dar es Salaam, miongoni mwa aliowaendea walikuwa wapika pombe. Hao walikuwa na fedha yao wenyewe, walijuana, na walijua kuchangishana. Uhuru wetu, ndugu msikilizaji, una harufu kidogo ya chachu.

Sisemi pombe haina ubaya. Tumezika wengi kwa sababu yake, na yule tuliyemzika juzi hakuwa mgeni wa kata. Ninachosema ni kwamba tumezoea kumlaumu mpishi na kuusahau mkono ulioshika kalamu na karo. Bia ya chupa ikinywewa hotelini tunaiita biashara. Mbege ikinywewa mgombani tunaiita uvivu.

Bibi alifariki bila kunisikia nikitaja kazi yake mbele ya watu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yeye alinilea vizuri, mimi nikakua na aibu isiyokuwa yake. Leo nimeitaja hewani, kwa sauti ile ile aliyoilipia kwa kata moja moja.

Tukutane juma lijalo, majaliwa.