Macho ya muuguzi kabla ya kifaa

MUUGUZI wa zahanati mjini Bariadi, mkoani Simiyu, anapompokea mtoto mwenye kikohozi, hutakiwa kuanza kwa macho. Mtoto akiwa ametulia mapajani mwa mama, huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Akilia, hesabu huharibika.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, huashiria homa ya mapafu. Kifua kinachobonyea anapovuta hewa nacho ni dalili yake.

Viganja vilivyopauka huashiria upungufu wa damu. Tumbo husikilizwa kabla ya kupapaswa, kwani mkono hubadili sauti za utumbo. Bandama au ini lililovimba huweza kutokana na malaria au kichocho, maradhi yanayofahamika mno Kanda ya Ziwa.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa hupelekwa hospitali haraka.