Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Historia na Zama za Kale

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya maneno machache ya Kiingereza yatumiwayo na watu wasomao habari za kale. Wengi wetu hukutana nayo katika vitabu vya shule, tukayapita upesi tukidhani tumekwisha kuyafahamu. Lakini neno lisilofahamika sawasawa huweza kumpoteza msomaji miaka mia nzima. Na lililo baya zaidi, huweza kumfanya awadharau wazee wake bila ya sababu.

Na tuanze na neno lenyewe, "history". Asili yake ni Kiyunani, na maana yake ya kwanza ilikuwa kuuliza na kuchungua. Basi mjuzi wa historia si yule tu ajuaye majina ya wafalme kwa moyo, bali ni yule aulizaye: Jambo hili lilikuwaje? Nani aliliona? Nasi twajuaje?

La pili ni "century", neno litokalo katika Kilatini, maana yake miaka mia. Sisi husema karne. Hapa ndipo wengi wajikwaapo. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwanafunzi akiona tarakimu 14 mwanzoni, husema kwamba hiyo ni karne ya 14. Sivyo, ni karne ya 15. Sababu yake ni nyepesi. Mtoto aliyezaliwa juzi yumo katika mwaka wake wa kwanza, ingawa hajatimiza hata mwaka mmoja. Kadhalika karne ya kwanza ilianza mwaka 1 ikaisha mwaka 100. Ya pili ilianza mwaka 101, na kuendelea. Kwa hiyo karne ya 15 ni tangu mwaka 1401 hata mwaka 1500.

Tena ziko herufi "B.C." na "A.D.". Za kwanza maana yake ni kabla ya Kristo, na miaka yake huhesabiwa kwa kurudi nyuma, kama mtu ashukaye ngazi. Julius Caesar wa Rumi alizaliwa mwaka 100 B.C., akauawa mwaka 44 B.C. Asiyejua hesabu hii atadhani kwamba mtu huyo alikufa kabla ya kuzaliwa! Na "A.D." ni maneno ya Kilatini, "Anno Domini", yaani katika mwaka wa Bwana. Wako wasemao kwamba maana yake ni baada ya kufa kwa Kristo. Hilo ni kosa, maana kama ingekuwa hivyo, miaka yote aliyoishi duniani isingekuwa na mahali pa kuhesabiwa. Siku hizi vitabu vingi huandika "B.C.E." na "C.E." badala yake, wala hesabu ya miaka haibadiliki.

Yako pia maneno mawili ya kupambanua, "old" na "ancient". Nguo yaweza kuwa "old", na mzee kadhalika. Lakini "ancient" ni jambo la zama za mbali sana, kama Misri ya Mafirauni. Mwanafunzi amwitaye babu yake "ancient" asistaajabu akinyimwa chakula cha jioni. Na neno "reign", yaani enzi ya mfalme, hutamkwa sawa na neno la mvua, "rain", lakini huandikwa mbali. Enzi ya Malkia Victoria ilianza mwaka 1837, ikaisha mwaka 1901.

Sasa twafika penye jambo kubwa. Vitabu vya Kiingereza husema "Middle Ages", yaani Zama za Kati, tangu kuanguka kwa Dola ya Rumi ya magharibi mwaka 476 hata karibu na mwaka 1500. Sehemu ya mwanzo ya zama hizo wengine waliiita "Dark Ages", zama za giza. Lakini giza la nani? Majina haya yalitungwa na watu wa Ulaya kwa mambo ya Ulaya. Katika zama hizo hizo za kati, Kilwa yetu ilikuwa ikisitawi. Dhahabu ya Sofala ilipitia huko, masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri wake. Wareno waliushambulia na kuuteka mwaka 1505. Basi mtu akichukua jina la zama za Ulaya na kulibandika Kilwa bila ya kufikiri, atayaona magofu ya msikiti mkuu wala asitambue ayaonayo.

Neno la mwisho ni "prehistory", yaani wakati uliokuwa kabla ya maandishi. Halina maana ya kwamba watu wa wakati ule hawakuwa na mambo yao. Mwaka 1959, huko Olduvai katika Tanganyika, Mary Leakey alivumbua fuvu la kichwa lililo na umri wa miaka kama milioni 1.75. Pale hapakuwa na barua wala kitabu, lakini mfupa ulisema, na mawe yaliyochongwa yalisema, kwa kuwa alikuwako wa kuyauliza.

Wasikilizaji wetu, wako wazee vijijini mwetu wakumbukao mambo yasiyoandikwa popote. Twawasihi mwende kwao na daftari, mwandike jina, mahali na mwaka, kabla hawajatutoka. Wahenga walisema: Kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza kwamba kuuliza ndiko historia yenyewe.