Pascal Kabungulu: faili la Bukavu lisilo na hukumu

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2005, yapata saa tisa, watu watatu wenye silaha na sare za kijeshi walivunja na kuingia nyumbani kwa Pascal Kabungulu Kibembi, hapa Bukavu. Walimpiga risasi mbele ya familia yake. Marehemu alikuwa katibu mtendaji wa shirika la Héritiers de la Justice, yaani Warithi wa Haki, na pia makamu wa rais wa LDGL, umoja wa mashirika ya haki za binadamu katika nchi za Maziwa Makuu.

Kijana wa Kadutu au Bagira mwenye miaka 20 leo alikuwa hajazaliwa. Basi inafaa kueleza kazi yenyewe ilikuwa nini.

Warithi wa Haki walianza mwaka 1991, shirika lililotoka ndani ya makanisa ya Kiprotestanti, wakati utawala wa chama kimoja cha Mobutu ulipokuwa unalegea. Nia ilikuwa raia wa kawaida aijue sheria. Kisha vita vikaja. Kuanzia Agosti 1998 Bukavu ilikuwa mikononi mwa RCD, na habari za mauaji ya Kasika mwezi huohuo, na za Makobola mwishoni mwa mwaka, zilibidi ziandikwe na watu wa hapahapa: nani amekufa, siku gani, kijiji gani, askari wa upande gani. Kazi ya kalamu na daftari, lakini waliotajwa kwenye daftari ndio waliokuwa wanatawala mji. Amani ya makaratasi ya 2003 haikubadili mengi. Juni 2004 mji ulitekwa tena, na watu wa Nkunda na Mutebutsi, na wamama wakabakwa majumbani mwao.

Maandishi hayo hayakupotea. Umoja wa Mataifa ulipotoa ripoti yake ya Mapping mwezi Oktoba 2010, yenye matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, ripoti za mashirika ya Kivu zilikuwa miongoni mwa hati zilizotumika.

Faili lake mwenyewe halikufika mbali hivyo. Kesi ilifunguliwa Novemba 2005 mbele ya mahakama ya kijeshi ya hapa Bukavu. Walioshtakiwa ni wanajeshi pamoja na kiongozi wa jimbo. Kwa kuwa hakuna aliyehukumiwa, majina yao hayana nafasi hapa. Mwezi uliofuata mahakama ikasema haina uwezo wa kuwahukumu watu wa ngazi hiyo, ikaisukuma kesi kwenye mahakama ya juu. Kwa sheria ya Congo si ajabu: hakimu wa kijeshi hawezi kumhukumu mwenye cheo kinachozidi chake. Ajabu ni kwamba baada ya hapo kesi ilinyamaza.

Mahakama zetu zikitaka mbio zinakimbia. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007, na kabla ya Septemba marafiki zake wawili, waliokuwa naye usiku ule, walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kifo. Mwaka 2008, kwenye rufaa, wakaachiliwa.

Sheria ya jinai inaweka miaka 10 ya kufuatilia mauaji ya kawaida, na hesabu huanza upya kila hatua ya uchunguzi inapofanyika ndani ya muda huo. Faili lisiloguswa huzeeka hadi likafa. La Floribert Chebeya, aliyeuawa Kinshasa Juni 2010, liliguswa mara nyingi, kwa makelele ya familia na wenzake, hadi Mei 2022 maafisa wengine wa polisi wakahukumiwa. Kwa Pascal, wenzake waliandika barua, walifanya kumbukumbu za kila Julai, na baadhi yao walilazimika kukimbia nchi.

Februari 2025 M23 waliingia Bukavu na mahakama za serikali zikasimama. Mjini bado kuna watu wanaoandika majina ya waliokufa, siku na mtaa. Wengi wao hawaweki sahihi.